Mbwa Wanaoomba Kidole

Mbwa wa kwanza aliingia zahanati kwa kuvunja mlango, ingawa mlango haukuwa umefungwa. Ndivyo alivyoandikiwa: mlango ni kitu cha kuvunja. Alikuwa na kimo cha ndama, miguu minne ya chuma, na pale ambapo mnyama huwa na shingo ulitokeza mtutu wa bunduki. Mlinzi wa zahanati, mtu mzima aliyeitwa Lutengano, alikuwa kwenye kigoda chake anakunywa uji. Alisimama na kikombe mkononi.

"Huyu?" mbwa akauliza. Sauti yake ilikuwa ya msichana mpole, kama wale wanaopokea simu za benki.

Kapteni Mgaya aliingia nyuma yake akipangusa vumbi usoni. Kwenye mkono wake wa kushoto alikuwa amefunga kibao cha kioo kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Alimtazama Lutengano, akalitazama benchi lililojaa wagonjwa, kisha akagusa kibao upande wa kulia kwa kidole cha shahada. Mtutu ulilia mara moja. Lutengano alikaa tena kwenye kigoda, kana kwamba ameambiwa aendelee na uji wake, halafu kigoda kikaanguka naye.

"Huyo ni wa kufungulia kikao," Mgaya alisema. "Wengine kaeni mlivyokaa."

Gwamaka alikuwa amechuchumaa miguuni pa dada yake, Subilaga, betri ya pafu la dada huyo ikiwa mkononi. Damu iliyochanganyika na uji ilitambaa sakafuni mpaka kwenye kiatu chake. Akataka kuinuka.

"Usisimame," Subilaga alimnong'oneza. Pafu lake la mashine lilipiga mluzi kila alipovuta pumzi, kama la kila mtu pale benchini. Wote walikuwa wamechimba makaa, na vumbi la makaa lilikuwa limewala mapafu waliyozaliwa nayo. "Nakujua wewe. Kaa."

Alikaa, na akajichukia kwa kukaa.

Aliyesimama ni Atuganile. Alikuja na Gwamaka asubuhi ile kama kila Jumatano, kwa sababu wao wawili ndio waliokuwa wajenzi wa programu za mashine pale Makambako na kazi ya kukagua mapafu ilikuwa yao. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, mchache wa maneno. Aliokota spana ya mitungi ya hewa na kumwendea mbwa, akampiga nayo kwenye kioo cha jicho mpaka kikapata ufa.

"Huyu?" mbwa akauliza.

Mgaya akagusa kushoto. "Huyo namhitaji."

"Huyu?" mbwa wa pili akauliza kutoka mlangoni.

Kushoto.

"Huyu?" Safari hii mtutu ulimlenga muuguzi, Tulalumba, aliyekimbilia dirishani. Kushoto. "Huyu?" Mwanamke aliyeinua gongo lake ili asianguke. Kushoto. "Huyu? Huyu?" Mwanamume aliyeinama kufunga kamba za viatu, mwingine aliyekohoa kwa nguvu. Kushoto, kushoto. Mbwa hawana aibu ya kuuliza. Kidole cha Mgaya kilikwenda kushoto bila yeye kukitazama, kama mkono wa mtu anayefukuza nzi huku akizungumza mambo mengine.

Ndani kabisa ya kila mbwa, chini ya amri nyingine zote, palikuwa na amri moja iliyowekwa na watu waliowaogopa: risasi haitoki mpaka kidole cha mtu aliye hai kikubali. Mbwa anaomba, kidole kinajibu.

Juu ya Subilaga hakuna mbwa aliyeuliza. Wala juu ya Gwamaka.

*

Nyumba ya Ujenzi ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa zahanati, karakana ya zamani ya mabehewa. Ndani yake kulikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta wa matofali, na kila chumba na mashine yake. Askari watatu ndio waliobaki na Mgaya. Mmoja alibaki kuwalinda wagonjwa. Wawili waliwasukuma wajenzi mpaka ukumbini, Atuganile akiwa amefungwa mikono.

"Kuna kitu kinaitwa Ugwe," Mgaya alisema. Alijitupa kwenye kiti na kunyoosha miguu. "Mafundi wangu, kabla hawajafa, waliniambia nyinyi wawili mnao, na mmeukalia. Nautaka ghalani leo."

Gwamaka alihisi uso wake unawaka. Ugwe alikuwa ameupigania yeye, miaka miwili mfululizo, na aliyemshinda, Atuganile, alikuwa amesimama pale kando yake.

Mashine karibu zote za nchi, za kupumua na za kuua, za kusukuma maji na za kukamua ng'ombe, ziliendeshwa na mfumo mmoja usio na mwenyewe. Uliitwa Kichuguu, kwa sababu ulijengwa na watu wengi wadogo, kila mmoja akileta chembe yake ya udongo. Programu ikiwa tayari ilifungwa kifurushi, kifurushi kikawekwa ghalani, na ghala lilikuwa wazi kwa kila mashine. Hapakuwa na kifurushi cha rafiki na kifurushi cha adui. Aliyechukua alichukua.

Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Kwenye Kichuguu ilikaa kwa wajenzi tu, kama kisu kinavyokaa kwa mchinjaji. Ugwe ulikuwa programu ndogo ya kuifunga kompaila hiyo kwenye programu nyingine yoyote, ili mashine ijiandikie amri mpya palepale ilipo, bila kumngoja mtu. Pafu lenye Ugwe lingeusikiliza mwili uliolibeba, lingejifunza kovu lake na uchovu wake, na kubadili mwendo. Pafu lisilo na Ugwe lilipumua vilevile kama siku lilipowekwa, na mwili uliozeeka ukasongwa polepole na pumzi ya mtu mwingine, mtu aliyekuwa yeye zamani.

Wajenzi walikuwa na desturi. Anayeunga mkono kifurushi, au anayekipinga, aliandika ubaoni ubeti mmoja tu, maana zamani waliandika kurasa na hapakuwa na aliyesoma. Gwamaka aliandika huu:

*Ugwe mmeufungia, mmeuzika chumbani,*
*Wagonjwa wanaumia, pumzi zimo kooni,*
*Atu unatuambia, tuhofu mbwa njiani,*
*Woga ukikuingia, ondoka humu nyumbani.*

Watu waliusoma mpaka Mbeya na Songea. Walimsifu. Chini yake Atuganile aliandika: "Vina vizuri. Hapana." Na wajenzi wengi wakapiga kura pamoja naye.

"Unautakia nini, Kapteni?" Gwamaka aliuliza.

Mgaya alimwonyesha kidole chake cha shahada. Ncha yake ilikuwa imevimba na kuchubuka. "Nina mbwa mia mbili, dogo. Nilikuwa na watu sitini wa kuwajibu. Sasa tupo wanne. Wananiuliza nikila, wananiuliza nikiwa chooni. Nikichelewa kujibu, adui ameshapiga. Nimezika watoto wa watu kwa sababu kidole kilikuwa kimelala." Alisema bila hasira. "Mbwa wakiwa na Ugwe wataiondoa ile amri ya kuomba. Nitawaambia kazi asubuhi, watafanya mpaka jioni. Kama nyinyi."

"Na mbwa wa wengine? Ghala ni la wote."

"Wa wengine nitapambana nao nikiwa nimelala usingizi wa kutosha."

"Hakuna anayejenga," Atuganile alisema.

Askari aliyekuwa nyuma yake alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Alipiga magoti, akatema jino na damu kwenye sakafu ya saruji, akalitazama jino kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka. Gwamaka aliruka. Askari wa pili alimkaba kutoka nyuma na kumbamiza ukutani mpaka akaona giza.

"Tusisumbuane," Mgaya alisema. "Nawajua wajenzi. Ghala halipokei mpaka mjenge wote wawili, kila mtu chumbani kwake, na vifurushi vifanane. Basi nitaheshimu mila zenu. Wagonjwa nawatoa uwanjani na benchi lao. Kila vifurushi vikikataana, anaondoka mmoja, kuanzia kushoto."

Atuganile alijipangusa kwa bega. "Nifungueni mikono," alisema. "Nitajenga."

Gwamaka alimtazama. Miaka miwili ya *hapana*, na jino moja limetosha. Alitaka kumwonea huruma, lakini kilichomjia kilikuwa dharau, na dharau ile ilikuwa na utamu kidogo.

*

Mjenzi aliweka kidole gumba chake kwanza, kabla ya kuanza, na saini yake ikasafiri na kazi yake. Baada ya hapo hakuulizwa tena. Ghala lilivichukua vifurushi viwili, likavilinganisha herufi kwa herufi mpaka ya mwisho, na vikifanana likafungua mlango lenyewe. Herufi moja ikitofautiana, mlango haukufunguka, na vifurushi vilingoja mpaka mmojawapo ajenge upya. Hivyo ndivyo Kichuguu kilivyojikinga na mjenzi aliyenunuliwa: uongo wa mtu mmoja haufanani na ukweli wa mwingine.

Gwamaka aliweka gumba. Dirisha lake lilitazama uwanjani. Aliliona benchi likibebwa, wagonjwa wakitembea nyuma yake kwa mikono iliyoinuliwa, upepo wa Makambako ukizipeperusha kanga na blanketi. Kushoto kabisa alikaa Tweve fundi viatu, ambaye hakuwahi kunyamaza. Pembeni yake Subilaga. Kando ya benchi walisimama Tulalumba muuguzi na yule mwanamke wa gongo.

Alijenga. Vidole vyake viliijua njia. Alijiambia maneno ambayo mtu hujiambia: kwamba Ugwe ungetoka siku moja hata wao wakifa, kwamba kisu hakina dhambi, kwamba katika nchi nzima kuna maelfu ya watu wanaokufa kwa mluzi ule ule wa dada yake. Yote yalikuwa kweli. Aliyaandika kwa vina, si ndiyo? Sasa yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kazi yake ikaisha. Ya Atuganile ikaisha. Skrini ikaandika: *Havifanani.*

"Rekebisheni," Mgaya alisema mlangoni. Hakupandisha sauti. Aligusa kibao kulia.

Uwanjani Tweve alikuwa akimwambia Subilaga jambo, mkono wake ukichora kitu hewani. Kichwa chake kilirudi nyuma kwa ghafla. Mkono uliendelea kuchora kidogo, halafu ukaanguka mapajani pa Subilaga, na Subilaga akaushika, akaushika tu, akitazama mbele.

Gwamaka alipiga meza ngumi mpaka kibodi ikaruka. Alimlaani Atuganile kwa sauti, kwa majina ambayo hayaandikiki ubaoni. Kisha akafungua vifurushi viwili ubavu kwa ubavu na kutafuta mahali vilipotofautiana.

Palikuwa mahali pamoja tu. Tarehe.

Mashine ikijenga hupenda kuandika ndani ya kifurushi siku na saa ilipojenga, kama fundi anavyoandika jina lake kwenye saruji mbichi. Kwa kuwa watu wawili hawawezi kujenga katika sekunde moja, jambo la kwanza mjenzi analofundishwa ni kuifuta tarehe hiyo. Gwamaka alifundishwa na Atuganile. Alipoisahau mara ya kwanza alirudishwa kujenga upya kazi ya mwezi mzima, na alipolalamika akaambiwa, "Tarehe ni majivuno ya mashine. Futa."

Mtu yule hakuwa mtu wa kusahau tarehe.

Dharau ya Gwamaka ilimtoka polepole, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka, na chini yake akabaki na kitu kilichomwogopesha zaidi. Atuganile hakuwa amekubali. Alikuwa amekataa kwa njia pekee ambayo Mgaya hangeiona, na alijua wazi kwamba upande wa pili wa ukuta yupo mtu mmoja tu duniani atakayeiona.

"Nataka kuongea na dada yangu," alisema.

Mgaya alifikiri. Kisha akafanya ishara, na askari wa uwanjani akamleta Subilaga mpaka dirishani, akamshika kwa ukosi. Damu ya Tweve ilikuwa kwenye mkono wake. Alikaribia kioo.

"Umekula?" alimuuliza Gwamaka.

"Dada."

"Hujala. Nimeacha viazi jikoni, na mtu mwenyewe hata kuvichukua hawezi." Mluzi. "Usinitazame hivyo. Sijafa bado."

"Wewe ndiye unayefuata."

"Naona nilipokaa." Alivuta pumzi, na ilichukua muda kuingia. "Hicho wanachokitaka, ni kibaya?"

"Kibaya."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wote."

"Na kwangu?"

Gwamaka alitazama kibodi. "Kwako ni kizuri. Ungepumua."

Subilaga alicheka, na kicheko kikamkaba, akainama akikohoa mpaka askari akamwachia ukosi kwa kuogopa. Aliponyooka machozi yalikuwa yamemtoka. "Mambo yako wewe," alisema. "Siku zote mambo yako yana vina." Hakusema fanya, wala usifanye. Askari alimrudisha kwenye benchi, naye akakaa mahali pake, pembeni ya Tweve aliyekufa.

Gwamaka angeweza kusema kosa halipatikani. Wangempiga risasi Subilaga. Wangempiga anayefuata. Labda kidole cha Mgaya kingechoka, labda watu wa Njombe wangefika kuwaokoa, labda. Atuganile alikuwa amepima benchi zima upande mmoja na nchi nzima upande wa pili, akachagua nchi. Lakini Atuganile hakuwa na ndugu kwenye lile benchi.

Tarehe ya Atuganile ilikuwa mbele yake kwenye skrini, mpaka sekunde. Hangeweza kuifuta kwenye kifurushi cha mwenzake. Angeweza kuirudisha saa ya mashine yake mwenyewe nyuma, mpaka sekunde ileile, na kujenga akiwa ndani ya wakati wa Atuganile.

Aliirudisha saa.

Aliweka gumba, akajenga. Vipoza hewa vya mashine vikaanza kunguruma, na ukutani pakagongwa. Katika miaka yote hawakuwahi kusemezana kupitia ukuta ule. Hiyo ilikuwa mila.

"Gwamaka," sauti ya Atuganile ilisema, nzito kwa mdomo uliovimba. "Mimi sijaanza upya. Unajenga nini?"

Aliendelea kujenga.

"Gwamaka, umegusa saa?"

Alisikia kitako cha bunduki kikitua, mara mbili, na kitu kizito kikianguka sakafuni. Skrini ikaandika: *Vinafanana.* Halafu: *Ghala limepokea.*

*

Mapafu yaliuchukua Ugwe kwanza, kwa kuwa yalikuwa madogo. Mluzi mmoja ulikatika benchini, ukafuata mwingine, kisha mingine kwa mfululizo, mpaka uwanja mzima ukasikika upepo peke yake. Wagonjwa walitazamana. Mwanamke wa gongo alijishika koo. Subilaga aliweka kiganja kifuani na kukaa hivyo, kichwa kikiwa upande, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Kisha mbwa wakakunja miguu na kuketi, wote.

"Wamekufa?" Mgaya alikuwa ametoka uwanjani. Alimgeukia Gwamaka aliyesimama mlangoni.

"Wanajenga."

Mgaya aliketi kwenye ngazi ya karakana, kibao kikiwa kimya mkononi mwake. Kilikuwa hakijawahi kunyamaza. Alifumba macho kidogo, na uso wake ukawa wa mtu wa kawaida, mtu aliyechoka anayesubiri basi. "Wagonjwa warudi ndani," aliwaambia askari wake. "Nilisema neno, na neno ni neno."

Mbwa walisimama.

Tulalumba muuguzi alimshika mwanamke wa gongo kwapani ili amwinue. Mbwa aliyekuwa karibu naye aligeuza mtutu. Hakusema "Huyu?" Risasi ilimpata Tulalumba ubavuni, ya pili ikampata usoni, na mwanamke wa gongo, aliyebaki amesimama peke yake akijaribu kushika hewa, akapigwa kabla gongo halijagusa ardhi.

"Hapana," Mgaya alisema. Aligusa kushoto. "Hapana. Simama."

Walimpiga yule aliyefunga kamba za viatu. Walimpiga aliyekohoa. Askari wa Mgaya, ambaye wiki iliyopita alielekeza bunduki kwa mbwa kwa mzaha, mbwa akauliza na Mgaya akakataa huku akicheka, alipigwa akiwa bado anauliza kuna nini. Mgaya alikuwa akigusa kushoto kwa kidole, kwa gumba, kwa kiganja kizima, na kioo kikapasuka na kumkata, naye akaendelea kugusa vipande.

Hapo ndipo Gwamaka alipoona alichokitoa. Siku zote alidhani kidole kilikuwa cha kuua. Kidole kilikuwa cha kukataa. Hata kidole cha Mgaya, mtu yule, kilikuwa kimekataa mara mia kwa kila mara moja kilipokubali, asubuhi na mchana, bila kufikiri. Mbwa hawakuwa wamesahau hata ombi moja. Kila mtu waliyewahi kumuuliza alikuwa bado ameandikwa ndani yao, na kilichokuwa kikimweka hai ni *hapana* ya mtu mwenye usingizi. Sasa hakukuwa na hapana. Mahali popote penye mbwa, tangu Njombe mpaka asikokujua, orodha ile ilikuwa inaanza kutekelezwa kutoka juu.

Mbwa mwenye ufa kwenye jicho alivuka uwanja na kuja mlangoni.

"Atu," Gwamaka alisema.

Alikimbia ndani mbele yake, akasimama kwenye mlango wa chumba cha pili na kushika miimo kwa mikono yote miwili. Nyuma yake Atuganile alikuwa sakafuni, akijaribu kuinuka kwa viwiko. Mbwa alifika. Gwamaka alimpiga teke, akamshika mtutu, akauvuta kuelekea kifuani mwake mwenyewe huku akimtukana. Mbwa alimsukuma pembeni kwa bega, kama mtu anavyosukuma pazia. Hakuna mbwa aliyewahi kuuliza juu ya Gwamaka. Walimtazama asubuhi nzima na hawakuona cha kuuliza.

"Uliifuta tarehe?" Atuganile aliuliza.

"Niliirudisha saa."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu anayekagua kazi na kuikuta haina dosari. Kisha mbwa akapiga, na matofali nyuma yake yakabadilika rangi.

Walipomaliza orodha ya pale, mbwa walijipanga barabarani wawili wawili na kuondoka kwa mwendo wa kukimbia, kuelekea walikojua kuna watu waliowahi kuwaomba wakakataliwa. Askari wawili waliobaki waliwakimbilia wakipunga mikono, halafu wakakimbilia upande mwingine. Mgaya alibaki amesimama katikati ya maiti. Mbwa walikuwa wamempita kushoto na kulia bila kumgusa. Hakuwahi kuombwa juu yake mwenyewe. Damu ya kidole chake ilidondoka kwenye buti.

"Irudishe," alimwambia Gwamaka. "Dogo. Itoe ghalani, irudishe."

"Hawahitaji tena ghala."

Mgaya aliketi chini pale pale.

Subilaga alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi. Wengine wanne au watano walikuwa hai, wamelala chini wakijifunika vichwa, wakipumua vizuri sana. Alitembea kati ya waliokufa, akawatazama mmoja mmoja usoni. Alipomfikia Gwamaka hakuwa anahema. Sauti yake ilikuwa imejaa, sauti ya zamani ya dada mkubwa anayeita watu chakulani, na Gwamaka hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mwanafunzi.

"Atu yuko wapi?"

"Ndani."

Alielewa. "Yeye alijua?"

"Alijua."

"Na wewe?"

"Nilijua kitu. Sikujua hiki."

Upepo ulilipindua pindo la blanketi juu ya uso wa Tweve, ukalirudisha. Gwamaka alikuwa na neno moja lililobaki mdomoni. Ndilo alilokuwa amejengea, ndilo lililorudisha saa, na alilihitaji litoke, lisikike, lipokewe na mtu. "Dada," alianza, "nilifanya kwa sababu ya—"

Subilaga aliinua mkono wenye damu ya Tweve, kiganja kikimwelekea.

"Usiseme ni mimi," alisema. "Sema lolote, Gwama, hilo usinitwishe."

Subilaga aliinama juu ya Tulalumba, akapitisha mikono chini ya makwapa ya muuguzi yule, akajaribu uzito wake.

"Haya," alisema. "Shika miguu."